Trapeza: meza iliyogeuzwa miguu juu

Mpe mwanafunzi wa Uingereza neno trapeziamu, atakuchorea umbo la pande nne ambalo pande zake mbili ni sambamba. Mpe wa Marekani neno hilohilo, naye akilisaka kwenye kamusi yake atakuchorea umbo la pande nne lisilo na upande hata mmoja ulio sambamba na mwenzake. Lile umbo la kwanza Mmarekani huliita trapezoidi. Na trapezoidi, kwa Mwingereza wa kawaida ya zamani, ni lile la pili. Majina yaleyale mawili, maumbo yaleyale mawili, lakini ng'ambo moja ya bahari yamekaa hivi na ng'ambo ya pili yamekaa kinyume chake.

Kiswahili kimenusurika. Tunasema trapeza, nasi tunamaanisha umbo lenye pande mbili sambamba, basi. Majina mengi ya maumbo tuliyapokea kutoka Kiarabu: duara, mstatili, mraba. Mraba hata una ukoo na robo na arobaini, kwa kuwa mzizi wake ni nne. Trapeza imekuja kwa njia nyingine, na ukiifuata njia hiyo hadi mwanzo wake utakuta nayo pia ina nne ndani yake, ila imejificha.

Miguu minne, sita, tisa

Trapeza kwa Kigiriki ni meza. Neno hili limeunganishwa kwa vipande viwili: "tra", ambacho ni kisalio cha neno la kutaja nne, na "peza", neno la ukoo mmoja na lile la Kigiriki la mguu. Maana yake ya mwanzo ni kitu chenye miguu minne.

Ni neno kongwe mno. Lipo kwenye vibao vya udongo vya kasri la Pylos, kusini mwa Ugiriki, vilivyookwa na moto ulioliteketeza kasri hilo karibu mwaka 1200 KK. Mwandiko wa vibao hivyo, uitwao Linia B, ulifumbuliwa na Michael Ventris mwaka 1952, na katika orodha za samani neno linasomeka to-pe-za. Kinachonivutia zaidi ni maelezo yanayofuata neno hilo: karani anaorodhesha meza za miguu sita, na nyingine za miguu tisa. Yaani miaka zaidi ya 3,000 iliyopita tayari mtu aliweza kuandika "kitu cha miguu minne chenye miguu tisa" bila kuona kasoro. Ile nne ilikuwa imekwisha kufa ndani ya neno, likabaki jina tu la chombo.

Ukiongeza kiishio cha udogo kwenye trapeza unapata trapezion, meza ndogo. Sisi tungesema kimeza. Ndilo neno wanahisabati wa Kigiriki walilolichukua kwa umbo la pande nne, na ndilo lililoingia Kilatini likawa trapezium.

Meza hiyohiyo imezaa watoto wengine nje ya hisabati. Wabadili fedha wa zamani walifanya kazi kwenye meza, na zile zilizopinduliwa hekaluni katika Mathayo sura ya 21 zimeandikwa kwa neno hili. Hadi leo, kwa Kigiriki cha kisasa, trapeza ni benki. Mji wa Trabzon, kaskazini mwa Uturuki, uliitwa Trapezous kwa sababu ya kilima chake cha juu bapa. Na ile bembea ya wanasarakasi, ambayo Jules Léotard aliirukia mbele ya watu mjini Paris tarehe 12 Novemba 1859, iliitwa trapeze kwa Kifaransa kutokana na umbo linalofanywa na kamba mbili, fito ya chini na dari ya juu.

Nani aliyageuza majina

Euclid, mwanahisabati wa Kigiriki aliyeandika karibu mwaka 300 KK, anayapanga maumbo ya pande nne katika fasili ya 22 ya kitabu cha kwanza cha Elements, kazi yake ya jiometri. Anataja mraba. Anataja mstatili. Anataja rombasi, yenye pande zote sawa lakini isiyo na pembe mraba, kisha lile umbo ambalo pande zinazotazamana ni sawa na pembe zinazotazamana ni sawa, yaani msambamba. Halafu anamaliza: yote yaliyobaki na yaitwe trapezia. Kwa Euclid, basi, trapezion si umbo lenye sifa fulani. Ni kapu la masalio. Hakuna neno hata moja kuhusu usambamba, na hakungeweza kuwepo hapo, maana mistari sambamba anaifasili baadaye, katika fasili ya 23.

Kapu hilo lilikuwa pana kupita kiasi. Archimedes anapotafuta kitovu cha uzito cha trapezion, analitumia neno kwa umbo lenye pande mbili sambamba, kwa sababu umbo lolote la pande nne lisilo na sifa yoyote halina cha maana cha kusemwa juu yake kwa mstari mmoja. Proclus, mwanafalsafa wa Kigiriki aliyeishi karne ya 5 BK, aliandika ufafanuzi wa kitabu hicho cha kwanza cha Euclid na humo akaeleza mgawanyo anaosema ni wa Posidonius, mwanafalsafa aliyemtangulia: trapezion ni lenye pande mbili sambamba, lisilo na pande sambamba kabisa ni trapezoeides, kitu kinachofanana na trapezion. Mgawanyo huu ni mzuri. Umbo lenye sifa limepata jina kamili, na lisilo na sifa limepata jina la kufananishwa.

Lugha za Ulaya bara ziliufuata mgawanyo wa Proclus. Waingereza nao waliufuata, hadi mwaka 1795, Charles Hutton alipochapisha kamusi yake ya hisabati na falsafa. Humo fasili mbili zimekaa kinyume: trapeziamu ndiyo isiyo na pande sambamba, trapezoidi ndiyo yenye pande mbili sambamba. Kamusi ya Hutton iliheshimiwa sana, na matumizi hayo yakaenea Uingereza kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, yakavuka na bahari hadi Marekani. Baadaye Waingereza wakarudi kwenye njia ya zamani. Wamarekani hawakurudi. Hiyo ndiyo asili yote ya mkanganyiko.

Kwa anayesoma vitabu kutoka pande zote mbili, ushauri wangu ni mmoja: usiliamini jina, tafuta fasili kwenye kurasa za mwanzo. Kama mwandishi ametoa kanuni ya eneo yenye pande mbili tu na kimo, anazungumzia umbo lenye pande sambamba, aliite atakavyo.

Maana ya Euclid haikupotea, imehifadhiwa mahali pasipotarajiwa. Msuli mkubwa unaotoka kisogoni kwenda begani na kushuka hadi katikati ya mgongo unaitwa trapezius. Uko wa kushoto na wa kulia, na ukiiangalia yote miwili pamoja inafanya umbo la pande nne lisilo na pande sambamba. Ukiupima kwa fasili ya leo jina haliufai. Ukiupima kwa Euclid linaufaa barabara. Vivyo hivyo kundi la nyota nne zinazong'aa katikati ya wingu la Orion: linaitwa Trapeziamu, ingawa hakuna jozi ya pande zake iliyo sambamba. Galileo aliona tatu kati ya hizo mwaka 1617. Na kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, kuna mfupa uitwao trapezium, na ubavuni mwake mfupa mdogo uitwao trapezoid. Majina yale mawili yaliyogombanisha kamusi yamekaa kimya kando kwa kando katika mkono wa kila mtu.

Walichokiona wengine

Wagiriki waliona meza. Wababeli, kabla yao, waliona paji la uso la ng'ombe: ndivyo lisemavyo neno la Kisumeri sag-ki-gud, ambalo makarani waliendelea kulitumia kwa karne nyingi hata baada ya Kisumeri kuacha kuzungumzwa. Wachina, katika kitabu chao cha kale cha sura tisa za hesabu, wanazungumzia shamba lenye umbo la ungo wa kupepetea, ule wenye mdomo mpana upande mmoja. Leo wanaliita umbo la ngazi. Wajapani wanasema umbo la jukwaa au kikalio. Waarabu waliitafsiri trapezion kuwa munharifu, lililopotoka, neno la mzizi mmoja na herufi. Na lenye pande mbili sambamba kwao ni linalofanana na munharifu. Angalia kwamba hapo nako mpangilio umekaa kinyume na wa Proclus.

Mimi naona Wamisri ndio waliokuwa na jina bora. Katika Mafunjo ya Rhind, hati ya hesabu ya Misri ya kale ambayo karani Ahmose aliyanakili karibu mwaka 1550 KK, swali la 52 linahusu pembetatu iliyokatwa. Upande wa chini ni khet 6, upande uliokatwa ni khet 4, na urefu ni khet 20. Khet moja ni dhiraa 100. Karani anajumlisha 6 na 4, anachukua nusu ya 10, anazidisha 5 kwa 20, anapata 100. Hesabu ni sahihi endapo ile 20 imepimwa wima, si kwa mshazari, na tutaona punde kwa nini tofauti hiyo ni kubwa.

Pembetatu iliyokatwa ni jina linalofanya kazi. Linakuambia kwamba ukizirefusha pande mbili za mshazari zitakutana. Kutokana na hilo unapata njia ya kugawa mstari katikati kwa rula isiyo na vipimo, bila bikari, mradi tu kuwe na mstari mwingine sambamba nao. Chukua kipande unachotaka kukigawa. Juu ya mstari ulio sambamba weka alama mbili popote, ilimradi umbali kati yake usilingane na urefu wa kipande chako. Unganisha ncha kupata trapeza. Refusha pande za mshazari hadi zikutane, hapo ni nukta ya kwanza. Chora mistari miwili ya pembe kwa pembe, inapokatana ndipo nukta ya pili. Mstari unaopita kwenye nukta hizo mbili utakigawa kipande chako nusu kwa nusu, na ule upande wa juu vilevile. Ikiwa alama za juu zimelingana na kipande, pande hazitakutana kamwe, na njia imekwama. Sogeza alama moja uanze upya.

Hapo ndipo linapozuka lile swali linalowagawa walimu: je, msambamba ni trapeza? Wanaosema trapeza ina jozi moja tu ya pande sambamba wanasema hapana. Wanaosema angalau jozi moja wanasema ndiyo. Nipo na hawa wa pili. Tumekubali mraba ni aina ya mstatili, na kila linalothibitishwa kwa mstatili halithibitishwi tena kwa mraba. Kanuni ya eneo la trapeza, pande zikilingana, inakuwa kanuni ya msambamba yenyewe. Upande mmoja ukifikia 0, inakuwa ya pembetatu. Kuikataza isifike huko ni kujenga ukuta mahali ambapo hesabu haina ukuta.

Lakini ukichagua fasili hiyo, jihadhari na jambo moja. Vitabu vingi vinafasili trapeza pacha kuwa ile yenye pande mbili za mshazari zilizo sawa. Kwa fasili pana, kila msambamba una pande mbili zilizo sawa, kwa hiyo ungeingia humo, na sentensi kama "mistari ya pembe kwa pembe ya trapeza pacha ni sawa" ingekuwa uongo. Dawa yake ni kufasili kwa pembe: trapeza pacha ni ile ambayo pembe mbili za kwenye kitako kimoja, yaani upande mmoja wa zile sambamba, ni sawa. Hapo mstatili unaingia, msambamba uliolala unabaki nje, na sentensi zote zinasimama.

Kuichora na kuipima

Tuseme vitako, yaani pande sambamba, ni sentimita 10 na sentimita 3, na pande za mshazari ni 6.5 na 7.5. Wengi huanza kwa kuchora kitako cha 10, kisha wanakisia mwinamo wa upande wa kwanza, wanafuta, wanakisia tena. Kukisia hakuhitajiki. Siri ni kuondoa kitako kifupi kutoka kwenye kirefu: 10 kutoa 3 ni 7, na pembetatu ya pande 7, 6.5 na 7.5 imefichwa ndani ya trapeza hiyo.

Chora AB ya sentimita 10. Weka alama E sentimita 3 kutoka A, ili EB iwe 7. Fungua bikari sentimita 6.5, chomeka E, piga tao. Fungua 7.5, chomeka B, piga tao lingine. Zinapokatana ni C. Sasa fungua 3, chomeka C, piga tao kuelekea upande wa A, fungua 6.5, chomeka A, piga tao. Yatakatana mahali pawili. Chagua panapoifanya CD iwe sambamba na AB. Ukichagua pale pengine, kona ya D itaingia ndani na umbo litabonyea. Unganisha A, B, C, D. Hakiki kwa kupima umbali wa wima kutoka AB hadi C na hadi D: yote iwe sentimita 6. Ikitofautiana zaidi ya milimita moja, bikari ililegea mkononi.

Tao zisipokatana, tatizo si mkono wako, ni vipimo. Tofauti ya vitako lazima iwe ndogo kuliko jumla ya pande za mshazari na kubwa kuliko tofauti yake. Hapa 7 iko kati ya 1 na 14, hivyo iko salama. Ukipewa vitako 10 na 3 na mishazari 3 na 3.5, jumla ni 6.5 tu, trapeza hiyo haipo duniani. Na kuna la ziada: vitako visipolingana, pande nne zinatosha kulifunga umbo, halichezi. Vikilingana, tofauti ni 0, pembetatu ya ndani inatoweka, na msambamba unabaki ukiyumba kulia na kushoto hadi upewe pembe moja au kimo. Hii ndiyo sababu moja nzuri ya wale wanaotaka kuutenga msambamba, nami naikubali kuwa na uzito.

Eneo sasa. Kata trapeza ya pili sawa na hiyo, izungushe kichwa chini, iunganishe na ya kwanza ubavuni. Unapata msambamba wenye kitako cha 13 na kimo 6, eneo 78. Nusu yake ni 39. Ndipo ilipotoka ile nusu kwenye kanuni: nusu ya jumla ya vitako mara kimo.

Kosa linalojirudia ni kuweka upande wa mshazari mahali pa kimo. Kosa hili lina historia ndefu. Kwenye kuta za hekalu la Horus huko Edfu, Misri, kuna orodha ya mashamba yaliyotolewa kwa hekalu, ya zama za Waptolemi, wafalme wa asili ya Kigiriki waliotawala Misri, na maeneo yake yamekokotolewa kwa kuchukua wastani wa pande mbili zinazotazamana na kuuzidisha kwa wastani wa pande mbili nyingine. Kwa trapeza yetu, hiyo ni 6.5 mara 7, sawa na 45.5. Jawabu limezidi kwa sehemu moja ya sita nzima. Njia hiyo haipunguzi kamwe. Kama umbo si mstatili, huzidisha. Kwa shamba linalokaribia mstatili kosa ni dogo na kazi ni nyepesi, kwa sababu si lazima kutafuta wima uwandani. Kwa shamba lililoinama, anayelipia kwa eneo analipia ardhi isiyokuwepo.

Kitovu cha uzito, kile cha Archimedes, kinapatikana kwa kujumlisha kitako kirefu na mara mbili ya kifupi, kuzidisha kwa kimo, kisha kugawa kwa mara tatu ya jumla ya vitako. Hapa ni 16 mara 6, gawa kwa 39: sentimita 2.46 kutoka kitako kirefu. Kata kadibodi, ipige msumari mahali pengine popote uone itakavyoning'inia upande.

Trapeza inayochimbwa mara nyingi kuliko zote ni ya mfereji. Kuta za udongo hazisimami wima, zinalazwa, na mlazo hutajwa kwa uwiano: 1.5 kwa 1 ni mita 1.5 za ulalo kwa kila mita 1 ya kina. Mfereji wenye sakafu ya mita 2 na kina cha mita 1 utakuwa na upana wa mita 5 juu, na eneo la mkato wake ni mita za mraba 3.5. Hitilafu huja pale mtu anapoipima ile 1.5 juu ya mshazari wenyewe badala ya kuipima kwa ulalo. Upana wa juu unakuwa mita 4.24 tu, eneo linashuka hadi 3.12, na katika mita 100 za mfereji kuna mita za ujazo 38 za udongo ambazo hazikuchimbwa. Baya zaidi, kuta zimekuwa za mwinuko mkali kuliko udongo uliokadiriwa kuhimili, na mvua ya kwanza huzibomoa. Weka kigingi kwa ulalo, ukitumia pimamaji, ndipo uchonge mshazari.

Nusu haiko katikati

Watu wawili wanataka kugawana shamba la trapeza sawasawa, kwa mpaka ulio sambamba na vitako. Jibu linalokuja haraka ni kupita katikati ya kimo, nalo si sahihi. Chukua vitako 7 na 17, kimo 10. Eneo lote ni 120. Mstari wa katikati una urefu wa 12; sehemu nyembamba inapata 47.5 na sehemu pana 72.5.

Mpaka wa haki ni ule ambao urefu wake ukizidishwa kwa wenyewe unapata wastani wa vitako vilivyozidishwa kila kimoja kwa chenyewe. 7 mara 7 ni 49. 17 mara 17 ni 289. Jumla 338, nusu yake 169, na kipeuo cha pili ni 13 kamili. Upana unaongezeka kwa 1 katika kila hatua moja ya kimo, hivyo mpaka wa 13 uko hatua 6 kutoka kitako kifupi. Hakiki: 7 na 13 ni 20, nusu 10, mara 6 ni 60. Vitako hivi, 7 na 17, sikuvichagua mimi. Viko kwenye kibao cha udongo kutoka Nippur, mji wa kale katika Iraki ya leo, cha karibu mwaka 2200 KK. Aliyekiandika alizijua namba tatu ambazo miraba yake inapishana kwa kiasi kilekile, akazipanga juu ya paji la ng'ombe.

Warithi wa makarani hao waliipeleka trapeza mbali kuliko mashamba. Mwaka 2016 mwanahistoria wa sayansi Mathieu Ossendrijver alichapisha usomaji wa vibao vya Babeli vilivyoandikwa kati ya mwaka 350 na 50 KK, vinavyohusu sayari ya Mshtarii, yaani Jupita. Ikichomoza kwa mara ya kwanza baada ya kupotea kwenye mwanga wa jua, inasogea angani dakika 12 za nyuzi kwa siku (dakika 60 ni nyuzi moja). Baada ya siku 60 mwendo umepungua hadi dakika 9.5. Makarani walizichukua kasi hizo mbili kuwa vitako vya trapeza na siku 60 kuwa kimo: 12 na 9.5 ni 21.5, nusu yake 10.75, mara 60 ni dakika 645, yaani nyuzi 10 na dakika 45. Trapeza hii haina udongo wala kuta. Upande wake mmoja ni muda, eneo lake ni umbali. Kabla ya usomaji huo, wanahistoria waliihesabia njia hii karne ya 14, kwa wasomi wa Oxford na Paris.

Vibao vinaendelea kuuliza: je, Mshtarii inafika nusu ya safari hiyo siku ya ngapi? Ni swali lilelile la shamba. 12 mara 12 ni 144, 9.5 mara 9.5 ni 90.25, nusu ya jumla ni 117.125, na kipeuo chake cha pili ni karibu 10.82. Hiyo ndiyo kasi ya mahali pa mpaka. Kasi imeshuka kwa 1.18 kutoka 12, na kwa kuwa inashuka 2.5 katika siku 60, siku zilizopita ni 28 na ziada ya kama robo. Ni mapema kuliko siku ya 30, kwa sababu sayari ilianza safari ikiwa na kasi kubwa zaidi.